Kusawazisha Ugumu wa Mchezo wa Mezani kwa Wachezaji Wasiolingana: Mwongozo kwa Msimulizi Mpya

Karibu kila kijana wa Mtwara, Masasi au Nachingwea anayeanza kusimulia mchezo wa kuigiza mezani huniletea swali lilelile baada ya kikao cha pili au cha tatu: afanyeje ili mchezaji mmoja asimalize kila adui peke yake huku mwingine akikaa bure mpaka usiku unaisha? Nimeshalijibu mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nasahau jambo moja au mawili, kwa hiyo safari hii nimeliandika lote. Kwa asiyeujua mchezo huu: kila mchezaji huendesha mhusika mmoja wa kubuni, msimulizi huieleza hadithi na kuwaendesha maadui, na dadu huamua kama jambo limefaulu. Ninatumia kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, kwa kuwa ndizo nilizozikuta kwenye simu za wengi wenu. Ukiwa na toleo lililorekebishwa mwaka 2024, hesabu ya Hatua ya 3 itatofautiana, nami nitaonyesha inapotofautiana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kikao changu cha tatu, barazani Shangani, nilikuwa nimeandaa jitu moja kubwa kwa wahusika wanne wa ngazi ya 3 (ngazi ni kiwango cha uwezo wa mhusika, huanzia 1), na kwa hesabu za kitabu nilikuwa sahihi kabisa. Mpiga mishale na mpiganaji walilimaliza katika mizunguko mitatu, yaani baada ya kila mmoja kupata zamu tatu. Jitu lilikosa shabaha mara zote, hakuna aliyejeruhiwa, na kwa hiyo dada aliyecheza mganga, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake ya uuguzi, hakuwa na la kufanya. Alikaa akimenya ming'oko, viazi vya porini vya huku kwetu. Alikuwa akivuta ganda, anachovya kwenye chumvi, anakula, anachukua mwingine, na nilipotazama tena meza, rundo la maganda lilikuwa limefunika karatasi ya mhusika wake. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, mimi niliitwa kucheza au kula ming'oko?"

Tangu siku hiyo ninapima usawa kwa kuhesabu mara ngapi kila mtu amefanya uamuzi uliobadilisha mambo. Uhai wa adui, yaani madhara anayoweza kuhimili kabla ya kuanguka, ni kipimo cha pili. Hatua zote zinazofuata zinategemea mpangilio huo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kanuni. Sehemu ya msingi ya toleo la tano iliachiwa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuipakua na kuichapisha bila kumwibia mtu.
- Dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Ukiikosa ya pande 20, andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, vitie kikombeni, na hakikisha kila kipande kinarudishwa kabla ya mtu mwingine kuchota.
- Nakala ya karatasi ya kila mhusika, ikae kwako siku mbili kabla ya kikao.
- Bao la kawaida na kete zake. Matumizi yake nitayaeleza kwenye Hatua ya 7.
- Korosho ghafi, zenye ganda, kuwakilisha maadui mezani. Usitumie zilizokaangwa. Nimewahi kupoteza maadui watano katikati ya pambano kwa sababu mchezaji alikuwa na njaa, ilhali ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayochoma ngozi na hakuna atakayethubutu kulitia mdomoni.
- Taa ya chaji.

Neno moja kuhusu majina. "Mchawi" ni neno lisilokaa vizuri mdomoni mwa kila mtu huku Kusini, na mzazi akilisikia kutoka barazani saa tatu usiku hatauliza kama ni mchezo. Mezani kwangu mhusika anayetumia nguvu za ajabu tunamwita mnajimu, nami nitamwita hivyo hapa.

Hatua ya 1: Zungumza na kila mchezaji peke yake

Muulize mambo mawili tu: katika kikao kilichopita alifurahia nini, na ni wakati gani alitamani kuwa nyumbani. Usimuulize mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake kila mtu hujibu kwamba yote yalikuwa mazuri. Majibu yatakuonyesha kwamba tofauti kati ya wachezaji haitokani na nguvu za wahusika peke yake. Yuko anayezijua kanuni kuliko wewe, yuko anayependa kuzungumza na mfanyabiashara wa kubuni kuliko kupigana naye, yuko mwenye haya, na yuko anayekuja kwa sababu rafiki yake anakuja. Huyo wa mwisho usimdharau, maana anaweza kuwa mchezaji bora akipewa nafasi.

Hatua ya 2: Andika kila mhusika anaweza nini ambacho wengine hawawezi

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Kwa kila mhusika andika uwezo mmoja ambao yeye ameshika nafasi ya kwanza, na udhaifu mmoja. Ukikuta wawili wameshika nafasi moja, kwa mfano wapiga mishale wawili, watenganishe kwa jambo la pembeni: mmoja anajua kusoma maandishi ya kale, mwenzake anajua kuogelea. Ukikuta mtu ambaye hana nafasi ya kwanza popote, umeshampata atakayemenya ming'oko, na kikao kijacho kiandaliwe kuanzia kwake.

*Kosa la kawaida:* kuandika madhara ya silaha tu. Mhusika anayeongea lugha nne na kupigana vibaya si mhusika dhaifu, bali msimulizi wake hajamwekea mtu wa kuzungumza naye.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pambano, kisha usiiamini sana

Katika kanuni za 2014, kila mhusika wa ngazi ya 3 huhesabiwa pointi za uzoefu (zilezile ambazo kitabu humwekea kila adui) 75 kwa pambano jepesi, 150 kwa la wastani, 225 kwa gumu na 400 kwa la kuua. Zidisha kwa idadi ya wahusika. Wanne wa ngazi ya 3 wanapata 300, 600, 900 na 1,600. Kisha jumlisha pointi za maadui, na uzidishe kulingana na idadi yao: adui mmoja unazidisha kwa 1, wawili kwa 1.5, watatu hadi sita kwa 2, saba hadi kumi kwa 2.5. Jibu ulilinganishe na viwango vya kundi. Toleo la 2024 limeondoa kuzidisha huku na kubadilisha viwango, basi usichanganye jedwali la huku na hesabu ya kule.

Tazama mfano huu kwa makini, maana ndani yake mna somo lote la mapambano. Jitu (kitabuni *ogre*) lina pointi 450 na uhai 59. Kibwengo (kitabuni *goblin*) mmoja ana pointi 50 na uhai 7, na vibwengo wanane kwa pamoja wana pointi 400 na uhai 56. Kwa uhai wamekaribia kulingana na jitu. Hata hivyo jitu peke yake ni pambano jepesi, kwa kuwa 450 mara 1 haifiki 600, na vibwengo wanane ni pambano gumu, kwa kuwa 400 mara 2.5 ni 1,000. Sababu ni zamu. Jitu hupiga mara moja katika mzunguko, nao vibwengo wote wakiwa hai hupiga mara nane, na hata nusu yao wakikosa, bado kuna mapigo manne ya kugawana.

Sasa ligeuze upande wa wachezaji. Mpiga mishale ambaye huangusha adui mmoja kwa zamu atahitaji zamu nane kuwamaliza vibwengo peke yake, ilhali mnajimu mwenye moto unaotapakaa anaweza kuangusha watatu au wanne kwa mkupuo wakiwa wamesongamana. Kwa hiyo wengi wadogo ni zawadi kwa mnajimu, na mmoja mkubwa ni zawadi kwa wapiganaji. Ukimchanganya mkubwa mmoja na wadogo watatu au wanne, waliotawanyika pande mbili, kila mchezaji atakuwa na adui anayemfaa yeye kuliko mwenzake.

*Onyo kwa wahusika wa ngazi ya 1:* usiwaletee jitu, hata kama unalipenda. Rungu lake hufanya madhara ya wastani wa 13, na mnajimu wa ngazi ya 1 anaweza kuwa na uhai 7 tu. Pigo la 14 linamuua pale pale, kwa sababu madhara yaliyobaki baada ya uhai kwisha yamefikia uhai wake kamili, na mganga hapati hata zamu ya kumwinua. Aliyechukua saa moja kumbuni mhusika wake atakaa pembeni usiku kucha.

Hatua ya 4: Andaa tukio lenye milango zaidi ya mmoja

Hapa ndipo msimulizi mpya anapaswa kutumia muda wake mwingi, na ndipo wengi wanapotumia mdogo. Nitaeleza tukio moja nililolitumia, ulichukue na kulibadilisha upendavyo.

Wahusika wanafika kwenye magofu ya mawe ya matumbawe kisiwani. Picha niliichukua Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyo pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na nikaazima birika la pembe nane lililoko Husuni Kubwa, nikaliweka katikati ya ua. Chini ya birika kuna sanduku. Bahari inajaa, na baada ya mizunguko sita maji yatafunika ua wote. Jitu linalinda lango, vibwengo wanne wako mikokoni, na juu ya ukuta ameketi mzimu wa nahodha ambaye hapigiki kwa silaha wala hana nia ya kupigana.

Kila kipengele kimewekwa kwa ajili ya mtu. Jitu ni la mpiganaji. Vibwengo ni wa mpiga mishale na mnajimu. Sanduku lina kufuli, na anayelijua kufuli lazima apige mbizi akiwa amebana pumzi, na hapo mganga anahitajika kumtazama anapoibuka. Nahodha anajua neno linalozuia maji, lakini hulitoa kwa anayemweleza habari za kweli za bandari aliyoiacha. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kipengele hata kimoja ambacho kikishindikana hadithi inakwama: sanduku linaweza kuvunjwa, jitu linaweza kudanganywa, maji yanaweza kusubiriwa yapwe.

Nilipolisimulia, aliyeliokoa kundi alikuwa kijana wa Mikindani ambaye kwa vikao viwili alikuwa hajasema zaidi ya "napiga" na "nimekosa". Aliniuliza kama siku ile ni bamvua. Nilikuwa sijalifikiria. Nikamwambia ndiyo, na yeye, aliyekulia kati ya wavuvi, akawaeleza wenzake kwamba maji ya bamvua hujaa sana lakini pia hupwa sana, kwa hiyo wapande ukutani, waache jitu lisombwe, na wateremke maji yakipwa, kwani sanduku litakuwa limebaki karibu pakavu. Walikubali. Mpango wangu wote ukaenda na maji pamoja na jitu, nami sikulalamika.

*Kosa la kawaida:* kuweka mlango mmoja unaofunguliwa na mtu mmoja. Siku mtu huyo asipokuja, au dadu yake ikitua kwenye 2, wote mtakaa mnatazamana.

Hatua ya 5: Chagua namba za ugumu kwa kumtazama aliye dhaifu

Namba ya ugumu ni ile ambayo dadu ya pande 20, pamoja na nyongeza ya mhusika, lazima iifikie ili afaulu. Kanuni zinapendekeza 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani na 20 kwa gumu. Anayejua kazi, mwenye nyongeza ya 5, hufaulu 15 kwa nafasi ya asilimia 55. Asiye na nyongeza hufaulu kwa asilimia 30. Mwenzake akimsaidia, kanuni humruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na asilimia 30 inapanda hadi 51. Ndiyo maana nawahimiza wasimulizi waulize kwa sauti, "Nani anamsaidia, na anamsaidiaje?" Swali hilo moja humwingiza mezani mtu wa pili bila kumwaibisha wa kwanza.

Kwa jambo linalowahusu wote, kama kunyatia kambi, tumia jaribio la kundi: kila mtu anarusha, na nusu yao wakifaulu, wote wamefaulu. Bila hivyo mwenye deraya nzito ataharibu kila safari ya usiku, na baada ya mara mbili wenzake wataanza kumwacha nyuma.

Hatua ya 6: Zuia kulala ovyo

Mnajimu wa ngazi ya 3 ana nafasi sita za kutumia nguvu zake kubwa, nazo hurudi baada ya pumziko refu la saa nane. Mpiganaji hurudishiwa nyingi za mbinu zake kwa pumziko fupi la saa moja. Ukiweka pambano moja tu kwa siku ya hadithi, mnajimu ataziteketeza zote sita katika dakika kumi na ataonekana mfalme. Weka matukio matatu au manne kati ya pumziko refu na jingine, na angalau pumziko fupi moja katikati. Kitabu cha 2014 kilizungumzia hadi mapambano sita au manane kwa siku, lakini kwa kikao cha saa tatu barazani sijaona anayefika huko.

Hatua ya 7: Hesabu kwa bao

Weka bao karibu nawe, na katika safu ya mbele yako mpe kila mchezaji shimo moja. Kila anapofanya uamuzi unaobadilisha hali, tia kete moja kwenye shimo lake. Kurusha dadu na kumpiga adui hakutoshi kupewa kete, ila kuchagua kumwacha adui ukamwokoe mwenzako kunatosha. Mwisho wa kikao hesabu. Mwenye kete pungufu ya nusu ya zile za aliyeongoza ndiye utakayemwandalia mlango wa kwanza safari ijayo.

Usiwaeleze maana ya kete hizo. Mimi nilieleza, na kikao kilichofuata mchezaji mmoja alifanya maamuzi kama mtu anayekusanya ushuru.

Hatua ya 8: Rekebisha kile ambacho hakijaonekana

Pambano likielemea upande mmoja, badilisha mambo ambayo wachezaji hawajayaona bado: wasaidizi wa adui wachelewe au wasije kabisa, lango la nyuma liwe wazi, kiongozi wa adui aogope na kukimbia. Uhai wa adui ambaye ameshajeruhiwa usiuguse, na dadu iliyokwisha kutua usiidanganye. Wako wasimulizi wazuri wanaodanganya dadu nyuma ya pazia na kulitetea jambo hilo, nami nawaheshimu, lakini siku wachezaji wakigundua, ushindi wao wote wa nyuma hugeuka kuwa hisani yako.

Matatizo na utatuzi wake

*Mhusika mmoja amewazidi wote kwa nguvu.* Usimpunguzie kimyakimya wala usielekeze kila adui kwake. Wape wengine vifaa vinavyoziba pengo, na umweleze faragha kwamba unahitaji msaada wake kuwainua wenzake. Wengi wakiombwa hukubali.

*Mjuzi wa kanuni anawaamulia wenzake.* Mpe kazi ya kutunza orodha ya zamu, na weka sharti kwamba hakuna anayetoa ushauri asipoombwa na mwenye zamu.

*Mchezaji mkimya hajibu ukimuuliza "unafanya nini?"* Swali hilo ni pana mno kwake. Mpe mawili ya kuchagua: "Unamfuata nahodha au unabaki na aliyejeruhiwa?" Akishazoea, panua.

*Wachezaji wamepungua kwa sababu ya korosho.* Minada ikianza, nusu ya meza yangu huwa Newala na Tandahimba. Rudia Hatua ya 3 kwa idadi iliyopo: wastani wa 600 kwa wanne unakuwa 300 kwa wawili, na kundi likiwa chini ya watatu unapanda daraja moja kwenye kuzidisha, yaani hata adui mmoja anazidishwa kwa 1.5. Waliokosekana wapandishe ngazi pamoja na wenzao. Kuwaacha nyuma ni kujitengenezea tatizo ambalo mwongozo huu wote unajaribu kuliondoa.

*Mhusika amekufa mapema usiku.* Mkabidhi mchezaji huyo maadui awachezeshe. Kwa uzoefu wangu atakuwa katili kuliko wewe.

*Pambano limepita saa moja na watu wanapiga miayo.* Maadui wakishapungua hadi nusu, waache wajisalimishe au watawanyike. Vibwengo wawili waliobaki wakimbilie mikokoni, nawe uwape majina na kuyaandika daftarini usiku huohuo, kwa sababu kikao kijacho kuna mtu atauliza walikoishia.